Mbung'o aliyemhamisha bibi yangu

Leo naomba tuzungumze kuhusu nzi. Usicheke. Nzi huyu ameamua mambo mengi katika wilaya za Kibondo na Kasulu kuliko wabunge wote tuliowahi kuwapeleka Dodoma, na hajawahi kuomba kura hata siku moja.

Marehemu bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Mabamba hadi alipofariki mwaka 2011, alikuwa na sheria moja ya porini ambayo hakuna mjukuu aliyethubutu kuivunja: kaniki haiingii msituni. Ukienda kutafuta kuni, uyoga au asali, vaa chochote, hata gunia, lakini si kaniki wala nguo yoyote nyeusi au ya bluu iliyokoza. "Utawaita, mume wangu," alikuwa akiniambia (mnajua bibi zetu wanavyotutania). Kuwaita nani? Mbung'o. Sisi tulidhani ni mambo ya wazee tu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa natafuta habari nyingine kabisa kwenye intaneti, nilikutana na maneno ya bibi ndani ya makala ya kisayansi iliyotoka mwezi wa nne mwaka 2014 katika jarida la Science la Marekani. Makala hiyo ilieleza jinsi wanasayansi zaidi ya 140 kutoka nchi mbalimbali walivyozisoma chembechembe za urithi za mbung'o, herufi kwa herufi. Kitabu hicho chote cha urithi ndicho wanachokiita jenomu. Na mle ndani walizungumzia jeni linalomwezesha nzi huyo kuona bluu. Nilibaki nimeduwaa. Kisha nikaanza kufukua habari za nzi huyu na za bibi yangu kwa pamoja, maana niligundua kwamba huwezi kuzitenganisha.

Bibi hakuujua mwaka aliozaliwa. Alichokijua ni kwamba alikuwa bado ana meno ya utoto siku familia yao ilipoambiwa ihame. Kwao kulikuwa mashariki, upande wa mabonde yanayoteremka kuelekea mto Moyowosi, nchi ya miombo, nyuki na nyati. Walitembea siku tatu. Mama yake alikuwa na mtungi kichwani, baba yake alibeba mizinga miwili mitupu ya nyuki kwa sababu alishindwa kuiacha. Walipogeuka nyuma waliona moshi. Nyumba zilikuwa zimechomwa ili mtu asipate pa kurudi. Bibi alisimulia habari hiyo bila hasira, kama mtu anayesimulia mvua ya zamani. Kilichomuuma hadi uzeeni ni kaburi la mdogo wake lililobaki kule porini, ambalo hakuna aliyelipalilia tena.

Nilipokuwa mdogo nilidhani hiki ni kisa cha ukoo wetu peke yetu. Kumbe ni historia ya Buha nzima. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianza kuwaondoa Waha katika maeneo walikoishi kwa kutawanyika, na kuwakusanya katika makazi mapya kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Mwanahistoria Julie Weiskopf aliandika tasnifu nzima ya udaktari kuhusu jambo hili katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akiwafuatilia watu waliohamishwa Buha kuanzia 1933 hadi 1975. Tasnifu hiyo ilitoka mwaka 2011, mwaka ule ule tuliomzika bibi. Sijui nicheke au nilie.

Kwa nini walihamishwa? Nia haikuwa kuwatesa. Daktari aliyekuwa msimamizi wa mambo ya malale Tanganyika wakati huo, George Maclean, alikuwa na hesabu yake. Mbung'o wa miombo, ambaye wataalamu humwita Glossina morsitans, anahitaji kivuli cha miti na damu ya wanyama pori. Mahali watu wengi wanapolima pamoja, miti hukatwa, nyati na ngiri hukimbia, na nzi hukosa pa kukaa. Basi kusanya watu wengi mahali pamoja, wape majembe, na kichaka kitakufa chenyewe. Pia wakikaa karibu karibu ni rahisi kuwapima na kuwatibu. Kwa maneno mengine, watu walifanywa kuwa fyekeo.

Tuseme ukweli, fyekeo lilifanya kazi. Ndani ya makazi yale malale yalipungua, na wako waliopona ambao wangekufa. Malale ya upande wetu si ugonjwa wa mchezo. Yale ya Afrika Magharibi na Kongo humla mtu polepole kwa miaka, lakini haya ya mashariki huua katika miezi michache. Huanza kama malaria, homa na kichwa, kisha vimelea huingia kwenye ubongo, mgonjwa anachanganyikiwa, analala mchana na kukesha usiku, hadi mwisho.

Lakini hesabu ya daktari ilikuwa na shimo. Haikuuliza kichaka kile kilitoka wapi.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki na kufagia ng'ombe. Buha ilikuwa nchi ya ng'ombe. Falme za Heru, Muhambwe na Buyungu zilijengwa juu ya ng'ombe kama vile juu ya watu. Ng'ombe wakifa, majani hayaliwi. Majani yasipoliwa, miti inarudi. Kisha wakaja Wajerumani na kodi. Kisha vita ya kwanza ya dunia, ambapo Wabelgiji waliishika Kigoma kuanzia 1916 hadi 1921, na wapagazi na chakula vikachukuliwa vijijini. Halafu wakaja Waingereza, na vijana wa Kiha wakawa manamba wa mkonge huko Tanga na Morogoro. Mwanamume akiwa Tanga miaka miwili, nani atafyeka? Kila mkono uliotoka Buha ulimwachia mbung'o hatua kadhaa za ardhi.

Aliyelisema hili kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mtu wao wenyewe. John Ford alifanya kazi ya kupambana na mbung'o katika utumishi wa kikoloni, na mwaka 1971 alitoa kitabu kinene akieleza kwamba Waafrika walikuwa na njia zao za kuishi na mbung'o kabla ya wakoloni: mahali pa kujenga, mahali pa kuchunga, pori la kuacha kati ya nchi na nchi, na moto wa wakati maalumu. Mapigo ya mwishoni mwa karne ya 19 yalivuruga mizani hiyo, kisha wataalamu wakaja wakaona pori na kudhani limekuwepo tangu Adamu. Nakubaliana na Ford, ingawa nadhani wafuasi wake wengine wamelitia chumvi, kana kwamba mababu zetu waliishi peponi. Bibi hakuwahi kuniambia habari za pepo. Aliniambia habari za kaniki.

Sayansi ya malale ilikuwa inakwenda kwa kasi wakati huo huo. David Bruce alionyesha mwaka 1895 kule Zululand, Afrika Kusini, kwamba ugonjwa wa ng'ombe uitwao nagana unaletwa na kimelea kinachobebwa na mbung'o. Mwaka 1903 ilithibitika Entebbe kwamba malale ya binadamu nayo ni kazi ya vimelea wa aina hiyo. Katika miaka hiyo malale yaliua watu wanaokadiriwa kufikia laki mbili na zaidi katika mwambao wa ziwa upande wa Uganda. Mwaka 1909 Mjerumani Friedrich Kleine, akifanya kazi hapa hapa katika koloni la Afrika Mashariki, alionyesha kwamba kimelea hakibebwi tu mdomoni kama uchafu kwenye sindano, bali kinakua na kubadilika ndani ya mwili wa nzi. Na mwaka 1910 huko Liverpool wataalamu wawili, Stephens na Fantham, walikitambua kimelea cha malale makali kutoka kwa mgonjwa aliyetokea Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Ndiyo maana hadi leo kinaitwa rhodesiense. Mwaka 1922 malale hayo makali yalionekana Maswa, na miaka michache baadaye yalikuwa yamefika kwetu.

Sasa niwaambie jambo lililoninyima usingizi (samahani kwa utani huo). Kimelea cha nagana kinachoua ng'ombe na kimelea cha malale makali kinachoua binadamu ni karibu kitu kile kile. Damu ya binadamu ina protini inayokiua cha ng'ombe ndani ya muda mfupi. Wewe unaweza kuumwa na mbung'o mwenye nagana mara mia na usipate kitu. Lakini mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba kile cha rhodesiense kina jeni moja la ziada, waliloliita SRA, linaloizuia protini yetu isifanye kazi. Jeni moja! Mwaka 2005 jenomu nzima ya kimelea jamaa yake, Trypanosoma brucei, ilipochapishwa, ikaonekana kina zaidi ya jeni 800 za kubadilisha koti lake la nje. Kila kinga ya mwili inapojifunza kulitambua koti moja, kimelea huvaa jingine. Ndiyo maana mpaka leo hakuna chanjo ya malale na sidhani kama nitaiona. Lakini hayo makoti 800 yasingemhamisha bibi yangu. Kilichomhamisha ni hilo jeni moja la SRA.

Turudi kwa nzi. Mwaka 2004 kikundi cha wanasayansi walikubaliana kuisoma jenomu ya Glossina morsitans. Iliwachukua miaka kumi. Wakati wanaanza, kusoma jenomu ilikuwa kazi ya maabara chache tajiri. Sehemu kubwa ya usomaji ilifanyika katika Taasisi ya Sanger kule Uingereza, Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kikiwa miongoni mwa viongozi, na taasisi ya wadudu ya icipe ya Nairobi ikiwa miongoni mwa washiriki wa Afrika. Walipata herufi zipatazo milioni 366 na jeni 12,308. Sisi binadamu tuna herufi kama bilioni tatu, lakini msijivune, kitunguu kinatushinda mbali.

Na walichokisoma ni cha ajabu. Mbung'o jike hatagi mayai kama nzi wa chooni. Hubeba buu mmoja tumboni na humnyonyesha maziwa yanayotoka katika tezi iliyo ndani ya tumbo lake. Ndiyo, maziwa! Humzaa buu huyo akiwa mkubwa karibu sawa na mama mwenyewe, kisha buu hujichimbia ardhini kwenye kivuli na kutoka akiwa nzi kamili baada ya mwezi mmoja hivi. Maisha yake yote mama huzaa watoto wanane hadi kumi tu. Wanasayansi walikuta jeni 12 za protini za maziwa, na mama akiwa ananyonyesha, karibu nusu ya shughuli yote ya jeni mwilini mwake ni kutengeneza maziwa hayo. Wakagundua pia jeni linaloendesha tezi hiyo. Ukilizima, maziwa hupungua na uzazi hudorora. Kwa mdudu anayezaa watoto wachache hivyo, hilo si jambo dogo.

Halafu kuna mdomo wake. Mbung'o, dume na jike, hula damu tu, basi. Kwa hiyo jenomu yake imepoteza jeni za kuonja utamu ambazo nzi wengine wanazo. Mweke mbele ya asali ya Kibondo hataitambua. Damu peke yake haina vitamini za kutosha, kwa hiyo tumboni mwake anaishi bakteria aitwaye Wigglesworthia, ambaye jenomu yake ilisomwa mapema, mwaka 2002. Bakteria huyo humpikia vitamini za kundi B na hupita kwa mtoto kupitia maziwa. Jike asiye naye huwa tasa.

Na macho. Kati ya jeni za kuonea alizobaki nazo limo lile linalonasa mwanga wa bluu, na waandishi wa makala wakalihusisha na tabia yake inayojulikana ya kukimbilia vitambaa vya bluu na vyeusi. Hapo ndipo nilipoduwaa. Lazima nikiri kwamba si jenomu iliyogundua habari ya bluu. Mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi ilikuwa imeanza kutumika miongo kadhaa kabla ya hapo, na kule Zimbabwe watafiti walikwisha kuonyesha katika miaka ya 1980 kwamba mbung'o hufuata pia harufu ya pumzi ya ng'ombe. Jenomu ilitoa maelezo ya ndani ya jambo lililokwisha kuonekana kwa macho. Wale wa mitego waliliona kwa kupima. Bibi aliliona kwa kuumwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike leo. Mbung'o waliosomwa walitoka wapi?

Walitoka katika ukoo wa nzi wanaofugwa maabara huko Yale, ukoo ulioanzia kwa mabuu yaliyokusanywa Zimbabwe. Kwa hiyo jina lake kamili ni Glossina morsitans morsitans. Mbung'o wa miombo wa magharibi mwa Tanzania, pamoja na Rwanda, Burundi na Zambia ya magharibi, ni ndugu yake aitwaye Glossina morsitans centralis. Ni ndugu wa karibu, lakini si yule yule. Mwaka 2019 ikatoka kazi nyingine kubwa iliyolinganisha jenomu za mbung'o sita. Nikaipitia orodha kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya darasa la saba. Yumo yule wa Zimbabwe. Yumo pallidipes. Yumo austeni, ambaye zamani alikuwapo Unguja. Wamo wawili wa kando ya mito na maziwa, na mmoja mkubwa wa msituni. Centralis hayumo. Wala swynnertoni hayumo, ambaye hapatikani popote duniani ila Tanzania na Kenya, na ambaye amepewa jina la Charles Swynnerton, Mwingereza aliyeanzisha utafiti wa mbung'o kule Shinyanga. (Swynnerton alikufa kwa ajali ya ndege karibu na Singida mwaka 1938, pamoja na Burtt, mtaalamu wa mimea aliyeijua miti ya miombo kuliko mzungu yeyote wa wakati wake. Kwao nzi na mti vilikuwa somo moja.)

Simlaumu mtu. Ukitaka kusoma jenomu unahitaji nzi wengi wa ukoo mmoja, na maabara yenye nzi hao ndiyo inayosomwa. Ila naona kitu ninachokifahamu. Mwaka 1933 watu wa Buha walipangwa kwa hesabu iliyofanyiwa kazi kwanza kwingine. Inawezekana nzi wa Zimbabwe na nzi wa Moyowosi wanafanana kwa kila jambo la maana. Inawezekana pia wanatofautiana hapo hapo panapouma, kwa mfano katika urahisi wa kubeba kimelea, au katika namna wanavyostahimili dawa. Huwezi kulijua hilo kwa kumsoma mmoja.

Mtu atasema, kwani jenomu ina faida gani? Unguja walimmaliza mbung'o bila jenomu. Ni kweli, na ni kazi inayostahili kusifiwa kuliko tunavyoisifu. Kati ya 1994 na 1997 ndege ziliangusha madume zaidi ya milioni nane juu ya kisiwa, madume waliozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akimpata dume tasa, basi ndiyo imetoka hiyo. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwezi wa tisa mwaka 1996. Lakini Unguja ni kisiwa na alikuwa na mbung'o wa aina moja. Sisi tuna bonde la Malagarasi na Moyowosi, ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, na pori linalounganika na mapori mengine mpaka Tabora na Katavi. Ukimaliza nzi hapa, wanarudi kutoka pale. Ili ujue wanatoka wapi, na pori gani linalisha pori gani, unahitaji kusoma urithi wao. Hiyo ndiyo faida.

Na mambo yenyewe yamebadilika, kwa uzuri. Kwa Afrika nzima wagonjwa wa malale ya rhodesiense wanaoripotiwa wamekuwa chini ya 100 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Dawa iliyotumika tangu 1949 kwa mgonjwa ambaye ubongo umeshaingiliwa, melarsoprol, ina sumu ya aseniki na iliua karibu mgonjwa mmoja kati ya 20 waliotibiwa nayo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliweka vidonge vya fexinidazole katika mwongozo wa matibabu ya ugonjwa huu, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda. Vidonge vya kumeza! Bibi angeona kama miujiza. Ila ugonjwa ukiwa adimu, huwa adimu pia mtu wa kuufikiria. Mvuna asali akienda zahanati na homa, kipimo cha malaria kikitoka hasi, nani atakumbuka kuangalia damu yake kwenye darubini kutafuta kitu kingine? Na watu wanaoingia porini hawajapungua. Tangu miaka ya 1990 Kibondo na Kasulu zilipokea makumi kwa makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi na Kongo, katika kambi kama Nduta na Nyarugusu, na kuni za kupikia zilitoka porini.

Upande wa mimea, majirani zetu wameanza kutuonyesha njia. Mwaka 2011 ulianzishwa mpango wa kusoma jenomu za mazao 101 ya Afrika ambayo makampuni makubwa ya mbegu hayajishughulishi nayo, na makao yake yakawa Nairobi, katika kituo cha kilimo mseto cha ICRAF. Mwaka 2019 zilichapishwa tano kwa mpigo, zikiwemo za njugu mawe, fiwi, mlonge na mng'ongo. Kazi kubwa ya kuzisoma ilifanywa na taasisi ya BGI ya China. Lakini mwaka 2023 fiwi ilisomwa upya na vizuri zaidi na kundi lililoongozwa na Waafrika wakiwa Nairobi, na mashine waliyotumia kusomea herufi zile ni ndogo, ya kubebwa mkononi. Nilipoona picha ya mashine hiyo nilifikiria mara moja mfuko wa bodaboda. Kutoka Kibondo mjini hadi ukingo wa pori si mbali. Mtu anaweza kumkamata centralis asubuhi, na wiki hiyo hiyo akaanza kumsoma.

Mwezi wa saba nilikuwa Mabamba. Mjomba wangu anafuga nyuki, na mizinga yake iko mbali, kwenye miombo, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli na miguu. Nilimkuta anafunga safari: ugali wa muhogo wa jana umefungwa kwenye jani la mgomba, chupa ya maji, kifaa cha moshi, panga. Alikuwa amevaa koti la kazi la bluu iliyokoza, la mtumba, lililo imara kweli kweli.

"Mjomba, hilo koti," nikamwambia, nikaanza kumweleza habari ya jeni la macho, herufi milioni 366, Zimbabwe, Yale, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama anavyomsikiliza mtu yeyote aliyetoka mjini.

"Mama alikuwa anasema hayo hayo," akajibu. Akalivua koti, akaligeuza ndani nje. Bitana ilikuwa ya kijivu. Akalivaa hivyo hivyo na mishono yake nje, akapanda baiskeli akaondoka.